Baba Tangu Darasa la Tatu

Baba yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane umeshiba, umevaa shati la bluu nililolipiga pasi mwenyewe, na sasa hivi uko Zinga na mdogo wako Tatu mnaaga. Bila shaka shangazi yenu amekushika mkono na hataki kuuachia. Mtarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo muda wangu ni huo tu.

Habari za sweta, dawa na vyeti sitaziandika. Tatu ameshaziorodhesha kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha begi lako, na unamjua mdogo wako, hakusahau hata sindano. Na baridi ya huko chuoni Arusha hata ningekueleza vipi, utaijua ukifika. Ninayotaka kukuambia ni mambo ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa kwa miaka tisa. Ndiyo maana nimekaa kwenye meza ya cherehani, nikauambia mkono usiinuke mpaka umalize.

Mume wangu, Fundi, hayupo. Baada ya nyinyi kuondoka nilimwambia ukweli wa siku ile walipokuja washenga wake. Alikuwa uani anafungua feni ya Bi Nargis. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaziweka skurubu kwenye kifuniko cha kopo, moja moja, akanawa mikono, akaenda msikitini. Adhana ya alasiri ilikuwa bado. Sijui akirudi atasema nini. Naandika huku nikisikiliza mlango.

Nianze mbali kidogo, ili uelewe kosa langu lilianzia wapi.

Nilipokuzaa, baba yangu alikuwa na miezi mitatu tu tangu atangulie mbele ya haki. Ukapewa jina lake. Pwani yetu hii binti halitaji jina la baba yake hivi hivi, hata likiwa limelala kwenye nepi. Nikakuita baba, kama mama yangu alivyomwita kaka yangu, na kama wenzangu wote wanavyowaita wana wao waliorithi majina. Hapakuwa na ubaya. Nilikuwa nikikuogesha nakuambia, baba fumba macho, sabuni. Neno lilikuwa tamu, nalo lilikuwa jepesi.

Kisha baba yenu akafa kwa homa ya siku sita. Wewe ulikuwa darasa la tatu.

Siku ya pili baada ya kumaliza matanga nilitandika mkeka, nikapakua wali, na sahani ya kwanza nikakupa wewe. Ilikuwa ile sahani ya bati yenye ua jekundu, ya marehemu. Nakumbuka Tatu alinyoosha mkono kwenye sufuria kuchukua ukoko, na wewe ambaye wiki mbili kabla ulikuwa ukipigana naye kwa ajili ya ukoko huohuo, ulimwachia. Shoga zangu waliokuja kunifariji walisema, mtoto amepevuka huyu, Mwenyezi Mungu amekuachia mwanamume. Nikafurahi. Mwanangu, nilifurahi. Nilimwona mtoto wa miaka tisa ameacha ukoko, nikadhani ni baraka.

Tangu siku hiyo lile neno halikuwa jepesi tena. Nilianza kukutuma. Mwaka uliofuata, jirani yetu alipofariki, nilikuvisha kanzu ukaenda mazikoni kwa niaba ya nyumba. Ulikuwa na miaka kumi. Ulirudi na udongo kwenye kucha, ukanawa, ukaniambia, "Nimetupia udongo mara tatu mama, kama wao." Ukakaa barazani mpaka giza likaingia. Sikukuuliza umeogopa au hukuogopa. Nilikuuliza wangapi walihudhuria.

Siku za Idi, wenzako wakicheza mpira kiwanjani, nilikuwa nakuita uje upokee wageni. Uliwapa mikono wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, ukakaa nao wakiongea habari za magonjwa yao. Nami ndani nikisikia wanakusifu, nilihisi kama nimevishwa dhahabu.

Bi Nargis peke yake ndiye aliyewahi kunikemea. Unakumbuka tulikwenda dukani kwake kuchukua kitambaa cha sare za shule, nikakutanguliza mbele, nikamwambia ongea na baba, yeye ndiye msemaji. Akakutazama juu ya miwani yake. Mjukuu wake alikuwa anatambaa chini ya meza na chupa ya maziwa mdomoni, akamwonyesha kwa futi yake ya kupimia.

"Kwetu baba ndiyo huyu," akasema. "Akilia tunampa maziwa. Wako naye mpe maziwa, mwanangu."

Tulicheka wote watatu. Njiani ukaniuliza kama ni kweli kwamba Wahindi wanamwita mtoto mchanga baba. Nikakujibu, wana yao na sisi tuna yetu. Swali lako lilikuwa la mtoto anayeomba kitu, nami nilikujibu kama mwalimu aliyechoka. Kama ningekuwa na akili siku ile, ningekununulia maziwa.

Juzi nilipokuwa nakukunjia nguo nilikuta daftari lako lenye jalada jeusi, lile la kazini kwenye nyumba ya wageni. Samahani nimelisoma. Nilidhani ni orodha ya shuka. Kumbe miaka yote mitano uliyohudumia mezani pale ulikuwa unawauliza wageni neno moja tu, nao wakikujibu unaandika. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Mturuki alikuambia kwao baba ni baba, sawasawa na kwetu, na Mchina hivyohivyo, ila yeye hulipandisha na kulishusha kama mtu anayepanda ngazi. Yule mama wa Kipolandi, aliyekaa wiki nzima kwa sababu ya mvua, alisema kwao ni mwanamke mzee, na siyo jina la kumwita mtu unayemheshimu. Mjapani naye akasema vilevile, kizee wa kike, akainamisha kichwa kukuomba radhi. Mwitaliano akakuchorea keki. Chini ya mchoro umeandika, "keki hii huloweshwa kwenye pombe kali, haramu," ukapiga mstari. Hapo nilicheka, maana nilikumbuka siku uliyorudi na habari hiyo, Tatu akakuita keki mwezi mzima. Kaka keki, chai tayari. Kaka keki, unaitwa msikitini. Ulikuwa unamkimbiza uani na kandambili, na kwa dakika zile mlikuwa watoto tena.

Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, pale ulipoanzia. Mstari wa juu kabisa umeandika lugha yetu, na mbele yake, badala ya maana, umeandika, "Mimi. Tangu darasa la tatu."

Sijui uliandika kwa utani au kwa uchungu. Nimelifunga daftari na kulirudisha palepale, chini ya suruali ya kijivu. Lakini mstari huo umenikaa kooni kama mwiba wa dagaa, na ndio ulionifanya leo niongee na Fundi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Unajua jinsi Fundi alivyoingia katika nyumba hii. Nilikuwa nauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, na jokofu likafa. Akaja akalitengeneza kwa nusu saa. Wiki iliyofuata akaja kulitazama, nalo lilikuwa zima. Wiki ya tatu akaja tena kulisikiliza, akainamisha sikio kwenye mlango wake kama daktari, akasema, "Linapumua vizuri. Na mwenyewe?" Mwanangu, naona haya kukuandikia haya, lakini nimeahidi kusema yote. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, na miaka mitano sikuwa nimeulizwa na mtu kama napumua. Usiku ule nilijitazama kwenye kioo cha kabati kama msichana wa kidato cha pili. Nilimpenda. Nilimpenda siku ileile, kabla hajakunja waya zake.

Akafuata utaratibu. Alituma watu kwa Mjomba wako Pangani, kwa kuwa ndiye walii wangu wa kuniozesha, na Mjomba akawaambia, dada yangu ni mtu mzima, akiridhia nami nimeridhia, nendeni mkamsikie. Ndipo wazee wale wawili wakaja hapa alasiri moja, na kitambaa chao cheupe kimefungwa barua ya posa. Nikawakaribisha sebuleni, nikaingia chumbani, nikasimama nyuma ya pazia kama ilivyo ada.

Wakasema walichokuja nacho. Nilikuwa na jibu langu moyoni tangu wiki mbili nyuma. Lilikuwa ndiyo. Lakini nilipofungua mdomo nilisikia sauti za mtaa mzima. Nilimsikia shangazi yenu wa Zinga, nikawasikia shoga zangu, nikasikia watakavyosema kwamba nimechoka na kaburi la mume wangu. Nikaogopa kusema ndiyo. Na hapana nayo nikaogopa, maana nilijua nitaijutia. Nikafanya kitu ambacho mwanamke wa pwani pekee angeweza kukifanya na kikaonekana cha heshima. Nikasema, "Nyumba hii ina baba yake. Akisema yeye, nimesema mimi."

Wazee wakacheka, wakidhani ni mzaha wa bibi harusi. Kisha wakaona sicheki.

Ukaingia wewe kutoka shule, darasa la saba, kaptura yako ina kiraka nyuma, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Wakakukalisha. Wakakueleza, kwa maneno ya taratibu, wakitazamana. Mmoja akakuita Mzee, kwa utani. Nawe hukucheka. Ukageuza uso ukatazama pazia.

Nilikuwa nimelishika, na upenyo ulikuwa wa vidole viwili. Tukaonana. Nikatikisa kichwa, kushoto na kulia, mara moja tu.

Ukawageukia wazee ukasema, "Hapana. Mama haolewi."

Hiyo ndiyo habari yote. Mimi ndiye niliyekataa. Wewe ulikuwa mdomo tu. Hatujawahi kuongea juu ya kile kichwa nilichotikisa, mimi na wewe, hata siku moja. Jioni ile nilikupakulia wa kwanza, nawe ukala, ukamaliza, ukasema alhamdulillahi. Kwa miaka mingi nilijiambia labda hukuona, labda jibu lilikuwa lako. Niliushika uongo huo kama mtu anavyoshika kamba akishuka kisimani. Lakini uliona. Mtoto anayetazama pazia namna ile anatafuta ruhusa, na mimi nikampa amri.

Watu wakakubandika jina. Pale kinyozi wakawa wanakuita Walii Mdogo. Ulikwenda kununua mkate, muuza mkate akakuambia, "Mwambie mama yako nami namposa, au mpaka nikuone kwanza?" Ulinirudia na mkate, hukusema kitu, ila niliyasikia kwa Tatu. Ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja dirishani. Badala yake niliyatumia. Kila aliyenigusia habari ya ndoa nikamjibu, mwanangu hataki. Ni jibu zuri sana hilo. Linamfanya mwanamke aonekane mama mwema, na hakuna anayeuliza zaidi.

Baya kuliko yote nililisema sokoni. Miaka minne ilikuwa imepita. Fundi alikuwa anatengeneza friji la mmoja wa wauza samaki, akaniona, akainuka na bisibisi mkononi. Hakuwa ameoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana wako bado hataki?"

Nikamjibu, "Bado."

Neno moja. Ulikuwa na miaka kumi na minane, umemaliza kidato cha nne, na wiki hiyohiyo mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekuambia atakusaidia kupata nafasi ya chuo cha utalii. Ukamjibu nyumba haina mtu. Nilikusikia nikiwa jikoni. Nikaendelea kukuna nazi, na moyoni nikashukuru.

Umeelewa sasa nilivyofanya? Nilikuzuia wewe kwa kisingizio cha nyumba, na nikamzuia yeye kwa kisingizio chako, na mimi mwenyewe nikakaa katikati nikijihurumia.

Mwaka jana ukaniambia tu, mama, Fundi atakuja. Hukueleza. Nikajipaka wanja, nikasahau kuuliza. Habari nyingine nimezipata kwake baada ya ndoa, akinisimulia huku anacheka, na mimi nikicheka naye kwa midomo. Kwamba ulikwenda karakana yake, ukasimama mlangoni, ukamwambia, "Sasa nimekubali, njoo tena." Naye akakujibu, "Miaka tisa, kijana. Leo ndiyo umeshiba?" Nawe ukasema, "Nisamehe, Mzee. Nilikuwa mdogo."

Ulimwomba msamaha. Ulichukua kosa langu la kwanza ukalibeba miaka tisa, kisha ukalipeleka mwenyewe kwa mwenye haki ukalilipia. Hata ndiyo yangu umeitoa wewe.

Na tazama nilichopata. Mwanangu, sitakudanganya kwa kujifanya mnyonge. Nina siku hamsini na moja za ndoa na nina furaha hadi nacheka peke yangu nikishona. Mume wangu ana tabia moja: kila nikiingia chumbani, hata kama nilikwenda jikoni tu kuzima jiko, ananiambia, "Karibu, mke wangu," kana kwamba nimetoka safari. Mara ishirini kwa siku. Anamenya chungwa ganda lote likatoka kipande kimoja, ananivisha mkononi kama bangili. Amenifungia feni juu ya cherehani, na akaipunguza kelele kwa sababu nilisema napenda kusikia uzi. Nina miaka arobaini na minne na ninasubiri mlio wa pikipiki yake kama mtu asiyewahi kuona pikipiki. Laiti ningejua. Ningejua kwamba ndiyo yangu ina haya yote ndani yake, ningeitoa siku ile kwa kelele, mtaa wote ukasikia.

Lakini kila raha ninayoipata inakuja na hesabu yake nyuma. Fundi hana mtoto. Miaka tisa iliyopita ningeweza kumzalia. Hajawahi kulisema, ila huwa anawatazama watoto wa jirani wakipita na vifuu vyao, na mikono yake inasimama kufanya kazi. Na wewe na yeye mnapishana uani kama wapangaji. Unamwita Fundi, anakuita kijana. Nilimuuliza mwezi uliopita kwa nini hakai na wewe barazani. Akaniambia, "Simchukii. Ila sijui niongee nini na mtu aliyenichelewesha." Siku hamsini na moja zote hizo nimelala pembeni ya mtu anayemchukulia mwanangu hivyo, na nimenyamaza kwa sababu nilitaka kuambiwa karibu, mke wangu, mara moja zaidi.

Leo nimeona utaondoka. Kesho ukipanda basi na deni langu begini, litakuwa lako maisha. Ndipo nikaenda uani.

Amerudi. Nimesikia mlango wa uani. Ngoja.

Nimekaa naye. Nakuandikia kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Amekaa kwenye kizingiti, ameichukua feni ya Bi Nargis akaiweka magotini, hakuifungua. Akaniuliza, "Mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema kumi na minne.

"Nami nikamuuliza kama ameshiba," akasema. Akafuta vumbi la feni kwa kiganja. "Na wewe pale sokoni uliniambia bado."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na bisibisi mkononi," akasema, kama vile ndilo jambo linalomshangaza. Akalizungusha panga la feni kwa kidole, likazunguka, likasimama. "Kesho anapandia wapi basi?"

"Msata."

"Asiite bodaboda. Nitampeleka mimi."

Nikaenda jikoni, nikarudi. Hakusema karibu. Nikaenda tena, kama mjinga, nikachukua kijiko nisichokihitaji, nikapita mbele yake nikaingia chumbani. Hakusema. Nimerudi hapa mezani. Pengine kesho atasema, pengine baada ya mwaka, pengine neno hilo nimelipoteza. Nimelia kidogo na nimejifuta na kipande cha sare ya mtoto wa watu. Lakini nakuapia, nikiulizwa leo kama ningemwambia tena, jibu langu ni ndiyo, na nalitoa mwenyewe.

Barua hii nitakupa mkononi ukifika. Usingoje Arusha. Isome leo, kabla ya kulala, ili kesho ukikaa nyuma ya pikipiki ujue yeye anajua nini. Barabara ya Msata ni ndefu na yeye hupenda kuongea akiendesha. Msikilize. Akikuomba radhi, mpe nafasi amalize. Akikuuliza uliona nini kwenye pazia, mwambie. Usinitetee. Umenitetea vya kutosha, tangu kaptura ya kiraka.

Sikuombi umwite baba. Neno hilo limefanya kazi kubwa mno katika nyumba hii, liache lipumzike. Mwite Fundi, mwite Mzee, mtajua wenyewe. Na huko uendako, watu wakikupa jina kubwa kwa haraka, kiongozi, mkuu, tegemeo letu, tabasamu, halafu uliza taratibu wanataka ubebe nini. Mimi nilikupa jina kubwa kuliko yote na sikukuuliza kama mabega yako yamekomaa. Ukimpenda mtu, nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Ukimkataa, vilevile. Mengine nimekosa haki ya kukufundisha.

Daftari lako endelea nalo. Wageni wa huko ni wengi kuliko wa kwetu. Ila ule mstari wa kwanza, ukipata siku, uukate uandike maana yake ya kawaida, ile ambayo watoto wote wanaijua.

Leo asubuhi nilijaribu kulitamka jina lako jikoni, kwa sauti ndogo, mvuke wa chai ukinipiga usoni. Liligoma mara mbili. Mara ya tatu likatoka, na baba yangu hakufufuka kunikasirikia. Ni jina zuri. Nilikuwa nimeisahau sauti yake.

Nasikia Tatu anacheka kichochoroni, kwa hiyo umefika kona ya msikiti. Naweka kalamu. Nimeshapakua. Sahani yenye ua jekundu nimeirudisha kabatini. Leo Fundi atakula wa kwanza, kisha mimi. Wewe utakula mwisho na mdogo wako, kwenye sinia moja, na sufuria nimewaachia bila kuikwangua. Ukoko ni mwingi, na umeungua kidogo pembeni kama mnavyoupenda. Usimwachie wote.

Karibu nyumbani, Mwinshehe.

Mama yako